Ngoja Kwanza, Huyu ni Nani?

Kidole gumba cha mguu wa kulia cha Jathum kilikuwa kimekaa upande, kama mtu aliyegombana na ndugu zake. Kilikuwa kimebeba pete ya chuma kwa miaka mingi mno, na pete hiyo ndiyo iliyokipinda. Mpiga nyatiti hukaa chini kwenye kigoda, ala imelala mbele yake, mikono yote miwili ikiwa kwenye nyuzi nane, na kwa pete ile ya mguuni hugonga ukingo wa ala ili wimbo usipotee njia. Kwenye kifundo cha mguu huohuo hufunga njuga. Basi mguu wa kulia wa Jathum ulikuwa na kazi nyingi kuliko mguu wa mtu wa kawaida, naye alilijua hilo akautunza. Aliupaka mafuta kila asubuhi, huo mmoja tu. Wa kushoto aliuacha upauke.

Jathum si jina lake. Kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo wa huku, ni mpiga muziki tu, na Kibuye nzima ilimwita hivyo, kuanzia wauza viazi mpaka askari wa soko. Jina lake la kanisani nililisikia mara moja, kwenye orodha ya wazee wa kanisa, nikauliza huyo ni nani.

Mama yangu aliuza mitumba pale sokoni Kibuye. Yeye na baba walikuja Kisumu kutoka upande wa Mlima Kenya, mimi nikazaliwa hapa, baba akafariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama hakurudi kwao. Alikuwa na kibanda kizuri chenye turubai pana, na Jumapili mchana, ibada ikiisha, Jathum alikuja kukaa chini ya turubai hilo na nyatiti yake. Walikuwa na mapatano ambayo hayakuwahi kusemwa: yeye alipata kivuli, mama alipata umati. Watu walisimama kusikiliza, na mtu aliyesimama karibu na mashati huishia kuyapekua.

Sasa nieleze desturi moja, maana mambo yote niliyonayo kuhusu mzee huyu yanaizunguka. Inaitwa pakruok. Wimbo ukishakolea, msikilizaji huinua mkono. Mpigaji husimamisha nyuzi, watu hunyamaza, na aliyeinua mkono hujitaja mbele ya wote: yeye ni wuod wa mahali fulani, yaani mwana wa huko, au nyar, binti wa huko, kisha anamwaga sifa zake, za kweli na za kuongeza. Akimaliza, mpigaji hugonga pete mara moja kumwambia amesikika, na wimbo huendelea. Wapigaji wengine husimamisha kwa kichwa tu. Jathum alikuwa na maneno yake, na aliyasema kwa sauti ya mtu aliyeshangaa kweli, hata kama anayeinua mkono ni jirani yake wa miaka ishirini: "Ngoja kwanza. Huyu ni nani?"

Nilikuwa na miaka tisa nilipoinua mkono. Sijui nilitaka kusema nini. Nilikuwa nimewasikia wengine wakisema, nikaona ni jambo tamu. Jathum alisimamisha nyuzi, akanitazama, akauliza kama alivyowauliza watu wote. Kabla sijafungua mdomo, mteja mmoja aliyekuwa akijipimia suruali akacheka. "Huyo ni mtoto ya Mama Nguo," akasema. "Huyo atakuwa nyar wapi? Kwao ni kule mlimani." Watu wakacheka, bila ubaya, jinsi soko linavyocheka. Nikaenda nyuma ya makoti nikakaa huko. Baadaye kidogo nikasikia wimbo umeendelea.

Mteja yule nilimsamehe siku hiyohiyo. Jathum sikumsamehe. Niliona yeye ndiye mwenye muziki, yeye ndiye angesema neno, na hakusema. Nikaanza kungojea. Nilitaka siku moja, mbele ya watu, mzee huyo aniite nyar wa mahali. Mahali popote. Utasema ni jambo dogo la kitoto, nami sibishi, ila nililibeba mpaka nikawa mtu mzima mwenye duka langu.

Hakuwa mtu wa kupangika. Alikuwa na redio ndogo aliyoibeba kila mahali, na haikuwa na betri. Niliuliza kwa nini. Alisema mtu akimkuta na redio hamwombi kuimba. Hakula omena, dagaa wa ziwani, alidai wana macho mengi wakiwa pamoja, lakini kila alipotoka Dunga, ufukweni, alimletea mama omena waliofungwa kwenye gazeti na kusimama pale mpaka amwone akiwapokea. Kanisani alikuwa mkali kuhusu pombe, na asilimia kubwa ya nyimbo zake zilizaliwa kwenye vilabu vya pombe. Nilipomwuliza hapo napo, alisema yeye huenda kule na maji yake kwenye chupa. Hilo lilikuwa kweli. Niliwahi kuionja ile chupa.

Jambo jingine alilolishika kwa meno lilikuwa kwamba mwanamke haigusi nyatiti. Wala kigoda chake. Nikiwa na miaka kumi na mitatu nilikisogeza kigoda ili nifagie, na Jathum akanyamaza wiki mbili. Si mimi tu, hata mama alinyamaziwa. Mama alimwambia kwa Kiswahili chake cha mlimani kwamba kama kigoda kinaogopa ufagio basi kikae kwao. Jumapili ya tatu alirudi, akakiweka kigoda nje kidogo ya sehemu inayofagiliwa, na mambo yakaisha.

Katikati ya miaka ya tisini vidole vyake vilianza kukunjamana. Kwanza viwili vya mkono wa kushoto, kisha vyote. Kushika kikombe alishika kwa viganja. Nyatiti ikatundikwa ukutani kwake, na matanga ya mjini, alikokuwa akialikwa kupiga, yakaanza kuita disko. Hakulalamika mbele yetu. Aliendelea kuja chini ya turubai kila Jumapili, na pete yake kidoleni, bila ala, akigonga mguu wa meza ya mama tukiwa tunauza. Niliwahi kuyahesabu mapigo hayo kimoyomoyo na kukuta anapiga wimbo mzima, pamoja na mahali pa kusimama.

Mwaka wa tisini na tisa mimi nilifungua chumba cha gemu za video, mlango wa tatu kutoka kituo cha mafuta cha Kondele. Nilianza na gemu za mpira na za kupigana. Kisha binamu yangu akaniletea kutoka Nairobi gemu ya kudansi. Ilikuja na mkeka wa plastiki wenye waya, umechorwa mishale minne, mbele, nyuma, kushoto na kulia, na vitufe viwili vidogo kwenye kona za juu. Kwenye televisheni mishale hupanda kutoka chini, na ukifika juu mshale wa kushoto, unakanyaga wa kushoto, saa ileile, na muziki. Ukipatia, mnyama uliyemchagua anadansi. Ukikosea sana anakaa chini na kushika kichwa. Wanyama wenyewe watoto wote waliwajua, walikuwa wa vibonzo vya Jumamosi asubuhi: mbwa mrefu mwenye miwani, paka wa suruali ya mistari, na kiboko jike mwenye sketi ya waridi. Chumba kikajaa mpaka nikaondoa benchi.

Jathum alikuja siku ya pili. Alisema amesikia Kibuye kwamba nina mashine inayowachezesha watu kwa miguu. Akasimama mlangoni kwa muda mrefu sana, mikono nyuma, akitazama miguu tu. Televisheni hakuiangalia hata mara moja. Vijana wawili walicheza wimbo wakamaliza, wengine wakaingia, wimbo ukaanza.

"Hii kitu inaimba tu, haipumui?" akaniuliza.

Nikamwambia gemu huwa hivyo, ikianza inaenda mpaka mwisho.

"Sasa watu watajitaja saa ngapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anauliza, na alitaka jibu. Kijana aliyekuwa mkekani, anayetoka Nyalenda, akasema kwa mzaha kwamba ile mashine inaweza kusimamishwa, kuna kitufe pale kona. Jathum akavua kiatu, akanyoosha mguu wake wa mafuta, akakanyaga kile kitufe kwa ule ule upande wa kidole gumba. Muziki ukakatika. Mishale ikaganda hewani. Chumba kizima kikageuka.

"Ngoja kwanza," akasema. "Huyu ni nani?"

Kijana wa Nyalenda alishangaa kidogo, kisha damu ya kwao ikamkumbusha. Akanyoosha mgongo. "Mimi ni wuod Nyalenda, mtoto ya Mama Chapo, mguu yangu haina breki, na hiyo mbwa ya miwani inanijua." Watu wakapasuka. Jathum akagonga pete sakafuni mara moja, akakanyaga kitufe tena, na gemu ikaendelea palepale ilipoachwa.

Kuanzia siku hiyo hapakuwa na wimbo uliochezwa Kondele bila kusimamishwa. Vijana wa Manyatta walikuja na sifa wameziandika kwenye viganja. Mtu aliyetoka Asembo Bay kununua nyavu alilipa mchezo, akasimama mkekani bila kukanyaga mshale hata mmoja, akangoja asimamishwe, akajitaja vizuri sana, akaondoka. Binamu yangu alipokuja kukagua mashine alikuta watu kimya wakimsikiliza kijana akieleza habari za bibi yake, akadhani imeharibika.

Jathum mwenyewe alitaka kucheza. Hapo ndipo tulipogombana, kwa sababu ya pete. Mkeka ni plastiki, chuma kingeutoboa. Pete ile hakuivua kwa daktari, hakuivua kwa ubatizo wa mjukuu wake, na mimi nilimwambia bila pete au asicheze. Alienda nyumbani. Kesho yake akarudi na kigoda chake, akakaa ukingoni mwa mkeka, akaniomba sabuni. Tulihangaika na sabuni robo saa. Ilipotoka, chini yake ngozi ilikuwa nyeupe na laini kama ya mtoto, naye akaifunika haraka kwa mkono.

Alicheza akiwa ameketi. Miguu yote miwili, magoti juu, macho kwenye televisheni kwa mara ya kwanza. Mashine ilimkataa kabisa. Nilikaa naye asubuhi nyingi, kabla wateja hawajaja, nikijaribu kuelewa kosa ni nini, maana mapigo alikuwa nayo kuliko sisi wote. Mwishowe niliona: alikuwa anachelewa kidogo, kila mara kiasi kilekile, kama mtu anayemwachia mwenzake apite mlangoni. Nilipomwambia, alisema anajua. Alisema mpigaji hufika nyuma kidogo ya wimbo ili auone unakokwenda. Mashine haikuwa na habari hiyo. Yule mnyama wake akawa anakaa chini na kushika kichwa kila siku.

Mnyama wake alikuwa kiboko. Hakubadilisha. Na kwa kuwa yeye ndiye mwenye kukanyaga kitufe, alikuwa akisimamisha katikati ya aibu yake mwenyewe na kumtaja kiboko. "Huyu ni nyar nam," alisema, yaani binti wa ziwa. "Mkubwa, mweusi, sketi yake amejishonea, anakula mahindi ya watu ya Dunga na haombi msamaha." Vijana walilia kwa kicheko. Mimi nilisimama karibu na swichi ya ukuta, na nasema wazi kwamba nilikuwa na wivu. Kiboko wa kuchora, mwenye sketi, alikuwa na kwao. Miaka kumi na saba nilikuwa nangojea, na sifa zikaenda kwa kiboko.

Maana mimi pia nilicheza, na nilikuwa hodari kuliko wote. Sijigambi, duka lilikuwa langu na nilifanya mazoezi bure. Wimbo wa mwisho, ule wa mishale miwili miwili, hakuna aliyeumaliza Kondele ila mimi. Jathum alikuja kunitazama, na kila mara katikati ya wimbo alikanyaga kitufe. Muziki ulikatika. Alinitazama. Hata yale maneno aliyasema. Nami nilisimama mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, jasho likinitoka, nikimtazama yeye, nikingoja aseme kama alivyosema kwa kiboko. Ilipita dakika nzima mara nyingine. Kisha alikanyaga tena, na mishale ikaja.

Siku moja nikashindwa kujizuia. Nikamwuliza kwa nini kiboko anasifiwa na watu hawasifiwi. Alinijibu kama mtu anayejibu swali la kijinga kwa upole. "Huyo hana mdomo," akasema. "Lazima mtu amsemee." Niliona amenikwepa.

Mwisho wa mwaka huo mama alichoka. Magoti yalimsumbua, soko lilibadilika, na dada zake wakamwandikia kwamba shamba lipo na nyumba ipo. Aliuza kibanda na turubai lake. Aliniambia twende nyumbani. Alipaita nyumbani, mahali nilipofika mara tatu maishani mwangu, ambapo binamu zangu walinicheka Kikuyu changu na kuniita Mjaluo. Nilianza kufunga mashine kwenye makatoni kwa sababu sikuwa na sababu ya kutofunga. Mtu wa Nakuru alikuwa tayari kuchukua chumba chote kama kilivyo.

Jathum alikuwa hajaonekana wiki sita. Kijana wa Nyalenda alisema mzee amerudi kijijini kwao, mbele ya Katito, mwili umekataa upande mmoja. Nikaona si vizuri kuondoka bila kumuaga. Nilikunja mkeka nikaubeba. Mpaka leo sijui kwa nini mkeka, maana nilijua kule hakuna umeme, na televisheni ilikuwa kwenye katoni. Nadhani sikuwa na kitu kingine chetu sisi wawili.

Nilimkuta nje ya nyumba yake, kwenye kiti cha mbao chenye mito, saa nne asubuhi. Mkewe alikuwa kando yake akichambua maharage. Mkono wa kushoto na mguu wa kushoto vilikuwa vimelala. Mguu wa kulia uling'aa kwa mafuta, na pete ilikuwa mahali pake. Aliona mkeka akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Alisema niutandike. Nikautandika kwenye udongo, mbele ya mguu wake, waya ukiwa umelala bila pa kuingia.

"Cheza ile ngumu," akasema.

Nikamwambia hakuna muziki. Akaanza kugonga pete kwenye mguu wa kiti. Alikuwa anaujua wote, ule wimbo wa mishale miwili miwili, kwa kunitazama tu, na aliupiga kwa namna yake, akichelewa kidogo. Nikavua viatu nikapanda. Mara ya kwanza nilimkimbia. Kisha nikaacha kumkimbia, nikafika pale anapofika yeye, na nikaelewa alichokuwa akikiona huko nyuma ya wimbo. Ni pana huko. Mkewe aliacha maharage.

Katikati alinyoosha mguu, akakanyaga kitufe cha kona, kitufe kisichofanya kitu. Nikasimama.

"Ngoja kwanza," akasema. "Huyu ni nani?"

Nikamngoja. Naye akaningoja. Kuku alipita kwenye mkeka, akakanyaga mshale wa nyuma, akaenda zake. Nilihisi hasira ya zamani ikipanda, ile ya nyuma ya makoti, na kwa kuwa nilikuwa naondoka sikuona haja ya kuimeza tena. Nikamwambia kwamba siku ile ya suruali mtu alinicheka kuwa sina kwetu, na yeye alisimamisha muziki akanyamaza tu. Nikamwambia nimengoja tangu siku hiyo aniambie mimi ni nyar wapi.

Jathum alinitazama kwa mshangao, ule wa kweli ambao siku zote nilidhani ni wa kuigiza.

"Mimi sikunyamaza," akasema polepole, maana mdomo ulimsumbua. "Mimi nilisimamisha. Nilishika nyuzi mpaka vidole ikapata baridi. Wewe ndiye ulienda nyuma ya nguo."

"Si ulisikia vile yule mtu alisema?"

"Nilisikia. Nilikuwa nangoja kusikia wewe." Akapumua. "Nyathina, mtoto yangu, mimi siwezi kukuambia kwenu ni wapi. Hiyo si kazi ya jathum. Kazi yangu ni kusimamisha. Nimekusimamisha mara ngapi pale Kondele?"

Nilikuwa nalia nikiwa na mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, maana sikuwa nimeondoka mkekani. Niliziona zote, dakika zile nilizodhani ananinyima. Alikuwa amenishikia mlango, akachoka, akaufunga, akaja tena kesho akaushika.

Mkewe alisema, bila kuinua sauti, "Sema basi, mzee anachoka."

Mguu wake bado ulikuwa juu ya kitufe.

"Mimi," nikasema, kisha nikaanza upya. "Mimi ni nyar Kisumo, binti wa Kisumu hii. Binti ya Mama Nguo wa Kibuye, mwenye turubai pana. Kule mlimani wananiita Mjaluo, huku wananiita mtu wa mlimani, na ile wimbo ya mwisho hakuna mtu ameimaliza Kondele ila mimi. Niko na duka mlango wa tatu kutoka petroli. Siuzi."

Neno la mwisho lilinitoka kabla sijalifikiri. Nilimtazama kuona kama atacheka.

Jathum aliondoa mguu kwenye kitufe, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Akaurudisha kwenye mguu wa kiti. Akagonga pete mara moja.